Mnunuzi Ajione Kwake

Jirani yangu, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, kazi yake ilikuwa kuandaa nyumba zinazouzwa. Watu wakisikia hivyo walicheka. Walimuuliza, nyumba nayo inapambwa kama bibi harusi? Yeye aliwajibu kwamba bibi harusi ana afadhali, maana huyo hata akinuna ataolewa tu, lakini nyumba ikinuna hainunuliwi. Madalali, wauza rangi na mafundi wote walimwita Mpambaji, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Kanuni yake ilikuwa moja: mwenye nyumba atoke kabla mnunuzi hajaingia. Kutoka kwenyewe hakukuwa kuhama na magodoro tu. Alitaka atoke ukutani, atoke sakafuni, atoke hata hewani. Picha za familia zilishushwa na matundu ya misumari yakazibwa. Harufu ya vitunguu iliyolala jikoni miaka na miaka aliitoa kwa siki na maji ya moto. Doa la mafuta pale baba wa nyumba alipozoea kuegemeza kichwa, michoro ya watoto nyuma ya mlango, alama ya kikombe kwenye kingo ya dirisha, vyote vilipita chini ya kitambaa chake. Alikuwa na vibarua wa kubeba na kupaka rangi, lakini kufuta alifuta mwenyewe, kwa mkono wake. "Mnunuzi ajione kwake," alikuwa akisema. "Akiona doa la mwenzake anajiona mgeni." Na kwa kujisifu hakuwa mvivu. Alisema akimalizana na nyumba, hata panya aliyezaliwa humo ataulizia njia.

Nyumba zake ziliuzika, hilo hata maadui zake walikubali. Mnunuzi aliingia, akazunguka vyumba mara moja, kisha akasema neno lilelile walilosema wenzake: mbona kama nimeshawahi kuishi hapa? Dalali aliyeshirikiana naye, bwana mmoja mwenye maneno mengi kuliko nywele, akisikia hivyo alimkonyeza, akijua biashara imekwisha. Mpambaji alilipokea neno lile kama sifa. Na sisi majirani tulilipokea hivyohivyo.

Kisha ikaja zamu ya nyumba ya mama yake.

Mama huyu alikuwa mshonaji maisha yake yote. Miguu ndiyo iliyomchoka. Aliteleza kwenye ngazi za uani akakaa chini mpaka jioni bila mtu kujua, na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kichwa, lakini, kilikuwa kizima kuliko changu. Alikumbuka vipimo vya viuno vya wanawake ambao sasa ni mabibi, na hakuona haya kuvitaja mbele ya waume zao. Wazo la kuuza nyumba na kuhamia kwa binti yake alilitoa yeye mwenyewe. "Nataka nizeekee mahali ambapo kuna mtu wa kuniambia nimekoroma," alisema.

Mpambaji alifurahi mpaka akalia. Hakuwa na mwingine. Baba yao alikuwa ametangulia zamani, mume alikuja akaondoka, na mdogo wake wa kiume alikufa kwa homa akiwa bado mtoto wa shule. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwita Chiriku, jina alilopewa kwa sababu alianza kupiga kelele kabla ya kuota meno. Mimi nimekaa naye jirani miaka yote hii na sikuwahi kuthubutu kumwita hivyo. Lilikuwa jina la mama yake.

Basi tukapanga. Asubuhi yeye anakwenda kuiandaa nyumba, mama anakuja kushinda kwangu, jioni anamchukua. Ndiyo maana nusu ya haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Nusu nyingine alinisimulia yeye, kwa sauti ya chini, akiwa amekaa jikoni kwangu na mikono yake ameikalia.

Alianza na jiko, kama alivyoanza nyumba zote. Ilikuwa siku nzuri, jua la kiasi, vibarua wanatania wakibeba makabati. Alisugua masizi juu ya mahali pa kupikia, akaosha ukuta uliokula moshi wa chakula chote alichowahi kula utotoni. Maji kwenye ndoo yakawa meusi, akayamwaga uani. Aliponyanyua macho aliona upande wa pili wa barabara mwanamke wa makamo, mkoba wa kahawia mkononi, amesimama anaitazama nyumba. Hakuwa na la ajabu. Watu hutazama nyumba inayohamwa. Mpambaji alimpungia mkono, yule mama akampungia.

Jioni ile, kwangu, mama wa Mpambaji alisema anipikie chai. Nilimwacha, kwa kuwa chai yake ilikuwa haina mpinzani. Muda ukapita. Nilipokwenda kuangalia nilimkuta amesimama mbele ya jiko, birika mkononi, kama mtu aliyefika ofisi asiyoijua.

"Mwanangu," akasema, "hivi hili linawashwaje?"

Nilicheka. Naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo. Nikawasha mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata yule mwanamke mwenye mkoba alikuwa getini. Dalali ndiye aliyemwelekeza, akasema. Amefiwa na mume, anatafuta pa kuanzia upya, na hana haraka. Mpambaji akamwambia nyumba haijawa tayari, arudi mwisho wa wiki. Yule mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lile dirisha la jikoni bado linakwama? Linataka lipigwe ngumi huku chini."

Mpambaji akamtazama. Dirisha lile lilikuwa la nyuma, lisiloonekana barabarani.

Yule mama akajifunika mdomo. "Nisamehe. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Sijawahi kuingia humu."

Labda kibarua kamwambia, Mpambaji alijisemea. Akarudi ndani kwenye chumba cha kushonea. Cherehani ilikuwa imeletwa kwangu tangu asubuhi, ikabaki sakafu chini ya dirisha, pale saruji ilipolika kwa miguu ya mama kukanyaga pedeli tangu kabla yeye hajazaliwa. Kulikuwa na matone ya mafuta na vinyuzi vya rangi vilivyoshikana na saruji. Alipiga magoti akasugua mpaka sakafu ikang'aa sawasawa na kwingine, huwezi kusema palikaa kitu. Alikwenda kumwaga maji. Akiwa uani, ndoo bado mkononi, akasikia.

Krakrakrakra. Kimya. Krakrakra.

Pedeli. Ikakanyagwa, ikatulia kama mtu anavyogeuza kitambaa, ikakanyagwa tena. Mlio ule alilala nao na kuamka nao utoto wake wote. Aliweka ndoo chini taratibu. Akaingia. Korido ilikuwa tupu. Chumba kilikuwa kitupu. Mlio ulitoka nje ya dirisha.

Yule mwanamke alikuwa amekaa kibarazani, chini ya dirisha lile, mkoba mapajani. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga saruji. Juu, chini. Juu, chini. Alikuwa akiutazama kama mguu wa mtu mwingine.

"Mguu una ganzi," akasema. "Nimepumzika kidogo tu, naondoka."

Jioni nilikuwa nimemwekea mama wa Mpambaji pazia langu alikunje pindo, nikijua cherehani yake iko palepale na mikono haitulii. Alipitisha kiganja juu ya ile mashine kwa upole. "Meza nzuri hii," akasema. "Ya kufanyia nini?"

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Mpambaji alipokuja nilimvuta pembeni mlangoni nikamnong'oneza. Akasema ni uzee. Nikamwambia uzee hauhamii siku moja kama mpangaji. Alikasirika, lakini kesho yake kazi aliiacha, akampeleka mama hospitali. Daktari akammulika macho, akamuuliza mwezi, akamuuliza mwaka, akamuuliza aliyekaa pembeni yake ni nani. "Huyu? Huyu ni Chiriku, mwanangu," mama akajibu, "na nakuomba usimwanzishe kuongea, utafunga hospitali usiku." Daktari akacheka, akasema bibi ni mzima kuliko sisi. Tukapumua. Mtu akitaka kuamini jambo, haulizi maswali mengi.

Ilibaki fremu ya mlango.

Kati ya korido na chumba cha kushonea, kwenye fremu ya mbao, kulikuwa na mistari ya chaki ya bluu, ile aliyotumia mama kuchorea kitambaa kabla ya kukata. Kila shule zilipofungwa mwisho wa mwaka aliwasimamisha watoto wake pale, mgongo kwenye mbao, akawawekea kiganja kichwani na kupiga mstari. Upande wa kushoto binti, upande wa kulia mvulana. Binti alikuwa mwizi wa urefu. Kila mwaka alisimama kwa ncha za vidole, na kila mwaka mama alimkandamiza kichwa polepole na kusema, "Usiinue visigino, Chiriku." Chaki haidumu, kwa hiyo kila mwaka mama alipita tena juu ya mistari yote kuikoleza, hata walipokuwa wakubwa. Hata upande wa mvulana, ambao uliishia chini, chini sana, na haukupanda tena.

Mpambaji alianza na upande huo. Kwa kazi yake ilikuwa sawa: mistari iliyokatika njiani humfanya mnunuzi aulize, na jibu la swali hilo huua biashara. Lakini kweli ni kwamba hakuweza kuitazama. Alifumba macho, akafuta kuanzia juu kwenda chini.

Alipofumbua macho alisikia mtu analia nje.

Kilikuwa kilio cha ndani ya kifua, cha mtu asiyetaka kusikika. Yule mwanamke alikuwa ameketi kwenye ngazi, amejikunja. Mpambaji akachuchumaa kando yake.

"Mama, unaumwa?"

"Sijui." Machozi yalikuwa yanamtiririka na uso umejaa mshangao. "Imenijia sasa hivi. Kuna mtoto ana homa. Namkanda maji, namkanda, kunakucha, na mwili unapoa mikononi mwangu, na mimi nashukuru kwamba homa imeshuka. Nashukuru, unasikia? Sikujua."

Hayo Mpambaji aliambiwa na mama yake mara moja tu, usiku wa msiba wa baba.

"Na mimi sijazaa," yule mwanamke akanong'ona. "Sijawahi kuzaa mtoto."

Simu yangu ililia dakika ileile. Sauti ya Mpambaji ilikuwa ndogo. "Jirani, tafadhali. Muulize mama kuhusu Mdogo."

Mama alikuwa amekaa mbele yangu anachambua mchele. Kila jioni tangu nimjue, kabla ya kula, alikuwa akimtaja yule mtoto kwa jina la Mdogo na kumwombea. Nikamuuliza: mama, Mdogo alipenda kula nini?

"Mdogo gani?" akasema.

Alinitazama akitabasamu. Kwenye paji lake la uso palikuwa na mkunjo mmoja nilioukuta siku ya kwanza tulipojuana. Sasa haukuwepo. Uso ulikuwa laini, umepumzika, wa mtu aliyelala vizuri. Nakwambia kweli, kwa nukta moja nilimfurahia. Kisha nikarudisha simu sikioni nikamwambia Mpambaji aje upesi.

Mpambaji alifika anahema. Alipiga magoti mbele ya mama yake akamshika mashavu. "Mama. Mimi nani?"

"Chiriku, umelewa?"

Alicheka, akalia, akacheka. Alimkumbatia mpaka mama akalalamika mbavu. Baadaye, mama alipolala, alikuja jikoni kwangu akakaa, na hapo ndipo alipoikalia mikono yake kwa mara ya kwanza.

"Unamkumbuka mzee wa ile nyumba ya kona?" akaniuliza. "Niliyoiandaa mwaka jana. Nilikutana naye duka la dawa. Alinishika mkono, akaniuliza kama najua yeye anakaa wapi. Nikasema maskini, uzee." Akaniinulia macho. "Jirani. Nimefuta watu wangapi?"

Nilimmiminia chai. Ilipoa mezani.

Alikata shauri palepale. Nyumba haiuzwi. Mistari yake mwenyewe, ule upande wa kushoto, bado ilikuwepo, na ilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki. Angefunga mlango na funguo akazitupa chooni. Akampigia dalali, simu imezimwa. Akapiga tena asubuhi na mapema, nami nikiwa pembeni, na safari hii ikapokewa.

"Dada!" Dalali alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kula kamisheni. "Nilitaka nikushtukize. Yule mama hakuweza kungoja mwisho wa wiki, tuko naye ndani sasa hivi. Anazunguka nyumba kama ameijenga yeye! Ila hapa mlangoni umesahau, pana uchafu wa chaki. Usijali, nimeona ndoo yako, napiga kitambaa."

"Usiguse!"

"Kidogo tu, dada—"

"Usiguse, kaka! Nakuja! Usiguse!"

Alitoka mbio bila viatu. Si mbali, lakini ni mlima, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Anasema hakuona barabara. Aliona fremu tu. Aliingia getini, akapanda ngazi, akaingia koridoni jasho linamwagika.

Dalali alikuwa amesimama mbele ya mlango. Kitambaa kilikuwa mkononi. Kilikuwa kinadondosha maji.

Mistari ilikuwa bado ipo.

Mpambaji alijirusha kati yao. Alisimama mgongo kwenye mbao, mikono ameitanua, akajibana pale kwa nguvu zake zote. "Haiuzwi," akasema. "Toka. Nyumba haiuzwi."

"Sawa, dada. Sawa." Dalali alirudi nyuma, akatupa kitambaa ndooni, akainua viganja. "Nimeacha. Ona, nimeacha."

Alisikia maji yanadondoka. Hakusogea.

Kisha ndani ya chumba cha kushonea, ndala zikaanza kutembea. Mguu mmoja ulipiga, mwingine ukaburuta. Ulipiga, ukaburuta. Alizijua hatua zile. Mwenye hatua zile alikuwa kwangu, kibarazani, anakunywa uji.

Yule mwanamke alitokea mlangoni. Mkoba hakuwa nao. Mkononi alishika kipande cha chaki ya bluu, na chumba kile Mpambaji alikuwa amekifagia mpaka pembeni. Alimtazama Mpambaji kuanzia miguu peku mpaka usoni, na macho yake yakajaa upendo. Upendo wa zamani, wa nyumbani, wenye kulaumu kidogo. Akanyanyua mkono. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Akakandamiza, polepole.

"Usiinue visigino, Chiriku," akasema.

Mpambaji alikuwa amesimama kwa ncha za vidole.

Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka. Dalali ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayetafuta neno la kawaida la kusema. "Dada, umechafuka mgongoni. Blauzi yote bluu."

Jasho. Alikimbia mlima wote ule na mgongo umelowa, akaja kuikinga mistari kwa mgongo uleule.

Mimi nilikuwa kibarazani na mama. Nilimwona Mpambaji anaingia getini kwangu, anatembea taratibu sana, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa mpaka juu. Mama naye alimwona. Aliweka kikombe chini, akajifunga kanga yake vizuri, akakaa wima.

"Karibu, mama, karibu," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mgeni wako amefika. Mpe kiti."

Nyumba iliuzwa. Wapo waliomsema kwamba hana haya, kwamba kisa cha kutisha namna ile na bado ameweka saini. Mimi mwenyewe nilimuuliza. Akaniambia, "Nikimnyima nyumba, mama yangu atakaa wapi?"

Kila Jumapili anakwenda. Anafunguliwa mlango kabla hajabisha, anaambiwa amekonda, analishwa mpaka anaomba msamaha, anasimuliwa habari za Mdogo na habari za baba yake, na mnunuzi na yeye wanalia pamoja. Jioni anarudi nyumbani kumwogesha kikongwe mmoja mpole, asiye na mkunjo hata mmoja usoni, ambaye kila akivalishwa nguo safi humshika mkono na kumwambia, "Mungu akulipe, binti wa watu." Kazi ya nyumba ameacha. Anauza mboga.

Nilidhani yameishia hapo.

Mwezi uliopita nilipata wageni wa ghafla. Alikuja kunisaidia kama majirani tunavyosaidiana. Mimi nilikuwa jikoni, yeye alikuwa anapanga viti, na mkono uliozoea haumwulizi mwenyewe. Nilipochungulia nilimkuta amechuchumaa koridoni, karibu na mlango wa chumba changu cha kulala, chini kabisa ya ukuta, kitambaa changu mkononi. Alikuwa ameacha kufuta. Alikuwa anakitazama kile kitambaa. Uso wake ulikuwa umeisha damu. Nilimuuliza, shoga, vipi? Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuielewa, akaweka kitambaa sakafuni, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo hajanieleza pale ukutani palikuwa na nini. Nimepakagua. Ni ukuta mweupe tu.

Wageni wakaja, wakala, wakacheka. Mmoja wao, mama nisiyemfahamu aliyefuatana na wenzake, alikwenda kunawa mikono akachelewa kurudi. Nilimkuta amesimama koridoni palepale, anabubujikwa na machozi. Akasema anaomba radhi, hajui analilia nini.

Juzi nilikuwa nafagia chini ya kitanda changu, fagio likagonga kitu. Jozi ya viatu vya shule, vidogo, vyeusi, vimepigwa dawa vikang'aa, soksi zimekunjwa ndani. Nyumbani kwetu tuko wawili tu. Nilimuuliza mume wangu, hivi ni vya nani? Alinitazama. Nikamuuliza tena. Akakaa sakafuni, mtu mzima, akafunika uso.

Sitaki kumsumbua. Nimevianika dirishani vipate hewa. Mwenyewe akija, atavikuta.